Kufuli la Benard

Sogeeni hapa karibu, Elvis na Mapenzi, msinikalie mbali kama wageni waliokuja kupima nyumba. Elvis, hiyo simu izime, jenereta za watu zitangoja. Mapenzi, mamangu, nipandishie huo mto mgongoni, hivo, hapo hapo, nikilala chali pumzi inakataa. Daktari kasema figo zimechoka na moyo umechoka, nikamwambia hata mimi nimechoka, kwa hiyo sote watatu tumekubaliana. Msilie. Nina maneno yangu na nataka niyaseme nikiwa bado na akili zangu, kabla hawajaadhini alasiri, kwa sababu kuna mtu nimemtuma Ronald dereva akamlete kutoka Mama Ngina, kule ufukweni, na mtu huyo akipanda hizo ngazi nataka anikute naweza kusema. Hilo ndilo ninalomwomba Mungu leo, si kupona, pumzi ya kuongea na mtu mmoja. Lakini nyinyi ni wanangu, hamtakiwi kulisikia mlangoni, kwa hiyo nyinyi kwanza.

Naanza na shukrani, na msiniharakishe. Hii nyumba tuliyoishi miaka yote hii hapa Mji wa Kale si yetu, msije mkadanganyana. Ni ya Bi Ummukulthum, Mungu amrehemu, na sasa ni ya wajukuu zake. Mimi nilikuja mjini kutoka Kaloleni na darasa la sita langu, situlii, leo nabeba mizigo bandarini, kesho nawaongoza watalii pale Ngome ya Yesu kwa Kizungu cha kuokota, siku moja nikamwambia Mwitaliano kwamba ile mizinga ilikuwa ya kupikia chapati, akacheka akanipa kofia yake. Huyo ndiye baba yenu. Nilikuwa sina mahali. Bi Ummukulthum alikuwa na stoo hapo chini, ya marehemu mumewe, akatupa mimi na mwenzangu tukaweka meza ya kufungia mota waya. Watu wa mtaa wakamjia, wakamwambia wale vijana wa bara na Mgiriama wao watakuchomea nyumba. Akawajibu kwa dirisha, nilimsikia kwa masikio yangu: "Niachieni hao wachafu wangu. Tangu mume wangu afe nyumba hii ilikuwa kimya, kelele zao zanipa usingizi." Kila asubuhi mahamri yalishuka kwa kikapu na kamba. Siku mkiondoka hapa, pigeni chokaa kuta zote, ile sakafu ya chini isugueni mpaka mafuta ya mota yatoke, na funguo mkampe mjukuu wake mkononi, mkamwambie asante ya mzee Ngala.

Na mama yenu Dama. Ovaroli za kwanza za kampuni alizishona yeye, za buluu, mifuko miwili ya kifua, kwa sababu alisema fundi asiye na mfuko ataweka bisibisi mdomoni. Nitarudi kwake, nina neno lake moja.

Sasa kampuni. Elvis, mwezi uliopita wale wageni waliokuja kutaka kununua upande wa jenereta walikuuliza hawa Ndugu Wawili walioandikwa pale juu ya mlango ni kina nani, ukawaambia ni wewe na dada yako. Nilikuwa nimelala hapa, dirisha wazi, nikakusikia. Hukukosea wewe, hukuambiwa. Hiyo kampuni ilipoandikwa jina wewe ulikuwa hujazaliwa na Mapenzi alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Mnajua tunachofanya, lakini nataka mnisikie nikikisema mimi, kwa sababu nakipenda. Watu wanatuona wendawazimu. Wanauliza kampuni gani hii, leo inafunga mota waya, kesho inaunda swichibodi ya hoteli, keshokutwa iko bandarini imelala chini ya kreni inabadilisha pampu ya mafuta, halafu iko hospitali inapanga betri za akiba ili stima ikikatika mtoto aliye kwenye mashine asijue kwamba imekatika. Juzi juzi mkaongeza na sola kule Kilifi. Wanasema chagueni kitu kimoja. Mimi nawaambia hiki ni kitu kimoja. Stima inaingia kiwandani kwa waya mnene kama mkono wangu ulivyokuwa zamani, na pale mwisho inatoka ikiwa unga, au barafu, au kontena limeinuliwa. Hapo katikati pote panahitaji mtu wa kuigawa, kuipunguza, kuipitisha pengine ikikwama, na kuizima. Sisi ndio watu wa hapo katikati. Mtu yeyote anaweza kuwasha. Kazi yetu ni kujua inakwenda wapi, na kujua namna ya kuizima.

Na ndiyo maana haikatwi vipande. Najua mnavyopanga, Elvis achukue jenereta na bandari, Mapenzi achukue swichibodi na hospitali, kila mtu na mlango wake. Mnakumbuka makontena yalipoanza kwenda bara na treni, kazi ya kreni ikanyauka? Nani aliwalisha mafundi wa bandari mwaka ule? Jenereta. Corona ikafunga hoteli, jenereta zikalala, nani akawalisha watu wa jenereta? Betri za hospitali. Hatujawahi kumfukuza fundi kwa kukosa kazi, hata mmoja, tunamhamisha tu meza. Mkiikata, kila kipande kitakuwa na mwaka wake wa kufa.

Nipe maji kidogo. Asante mamangu.

Lakini kugawana si shida yangu kubwa leo. Shida yangu ni kwamba nusu ya hiyo kampuni siwezi kuwapa, kwa sababu si yangu. Elvis, kaa. Najua unataka kusema nini, na utasema nikimaliza.

Mapenzi, ingiza mkono chini ya kitanda, upande wa ukutani. Kuna mkebe wa majani ya chai. Ulete. Usiufungue bado, niwekee hapa tumboni.

Ndugu wa pili ni Benard Mumo. Ndio, yeye, baba mdogo wenu wa mihogo, mzee wa Mama Ngina mwenye mkono mmoja mbovu. Kumbe mlidhani anakuja hapa Krismasi kwa ajili ya wali tu. Benard alitoka Kitui akafundishwa umeme kwenye karakana ya reli, fundi wa vyeti, mimi sina hata kimoja. Tulikutana hapo Makupa, mota ya mtu imeungua, mimi nadanganya kwamba naweza kuitengeneza, yeye amesimama nyuma yangu ananitazama. Akaningoja mpaka nikamaliza kudanganya, halafu akasema taratibu, "Kijana, mota hiyo umeishika kichwa chini." Siku ile ile tukaanza. Kila ninachokijua, yeye ndiye aliyenipa, na hakuwahi kunicheka mbele ya watu tena.

Desturi ya makufuli ni yake. Aliitoa reli. Nyinyi mmekua nayo mnadhani imeshuka na mvua. Kila fundi na kufuli lake, ufunguo mmoja tu, uko shingoni mwake. Ukienda kufanya kazi kwenye mtambo wa watu, unazima meni swichi, unaitundikia kufuli lako, na hakuna mtu duniani wa kulitoa isipokuwa wewe. Mwenye kiwanda apige kelele, meneja alie, kufuli lako likiwa pale, stima hairudi. Mko watano, makufuli matano. Benard alikuwa akisema kufuli lako ni wewe mwenyewe umesimama pale mlangoni.

Na mnaijua ile desturi nyingine. Fundi mpya, kabla hajapewa kufuli, anapelekwa Mama Ngina jioni, watu wamejaa ukutani wanapunga upepo, anapelekwa mpaka kwenye karai la Benard. Benard anaweka chini kijiko, anakunja mkono wa shati, anamwonyesha ule mkono wa kulia, vidole viwili vilivyobaki na ngozi iliyokunjika mpaka kwenye kiwiko. Anamwambia, "Mimi sikuweka langu. Wewe weka lako." Halafu anamjazia mhogo kwenye karatasi, ndimu na pilipili, na hataki kulipwa. Mafundi wanaita kula kiapo. Nyinyi wenyewe mlipelekwa. Elvis wewe ulirudi mdomo unawaka pilipili unasema kiapo chenyewe kitamu nikaape tena. Miaka ishirini na minane, wanangu. Mafundi wote waliopita kwenye mikono yetu, sitini na zaidi, hakuna aliyepigwa na stima. Hata mmoja. Wale wageni wenu waliandika kwenye karatasi yao kwamba hilo ndilo lililowashangaza kuliko jenereta zote.

Sasa sikieni. Benard aliliweka.

Subirini. Niacheni nivute pumzi.

Mwaka wa tisini na saba tulikuwa na kazi kwenye kiwanda kimoja cha unga upande wa Kibarani, hakipo tena, kulikuwa na jaa la taka hapo jirani na moshi wake ulikuwa unaingia mpaka ndani ya paneli. Kampuni ina miaka minane, mafundi tisa. Makufuli yetu mimi na Benard nilikuwa nimeyanunua mimi, Marikiti, mawili ya bei ndogo ya namna moja, na Benard aliniambia kabla sijatoka dukani jaribu ufunguo wa hili kwenye lile, haya ya bei ndogo huwa ndugu. Mimi nani wa kutulia nijaribu. Nikayaweka mfukoni nikaenda.

Asubuhi ile tukazima meni swichi. Benard akatundika lake. Mimi langu nikaliacha kwenye sanduku la vifaa, nikasema nitaliweka baadaye, nikaanza kazi. Sikuliweka. Yeye alikuwa juu, mimi chini. Saa sita nikamaliza, mwenye kiwanda ananisimamia, anataka kusikia kinu kikizunguka. Nikaenda kwenye swichi nikakuta kufuli moja, jeusi kwa mafuta na unga. Nikatia ufunguo wangu. Ukazunguka. Nikasema basi hili ni langu, la Benard halipo, Benard ameshatoa lake ameenda kula. Nikasahau kabisa kwamba langu sikuliweka. Nikalitia mfukoni, nikawasha.

Ule mlio bado ninao.

Tulimshusha amelazwa juu ya mlango, tukamkimbiza hospitali na gari la unga. Nikarudi kuchukua vifaa, nikafungua sanduku, nikalikuta kufuli langu limelala pale pale nilipoliacha. Nikatoa lile la mfukoni nikalifuta kwa shati, na chini yake kuna herufi B aliyoichora kwa msumari. Mwenye kiwanda akaingia akaniuliza, kufuli la huyu mwenzako liko wapi. Nikamwambia hakuweka. Neno lilitoka lenyewe. Nilijua nikisema mkubwa wa kampuni amefungua kufuli la mwenzake, hakuna kiwanda kisiwa hiki kitakachotufungulia geti, na mafundi tisa wana watoto. Nimejieleza hivyo miaka mingi. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Ningeweza kulirekebisha kesho yake. Nilienda hospitali nimedhamiria. Nikamkuta amefungwa mpaka begani, homa inamchemsha, akanishika kwa mkono wa kushoto akaniuliza, "Ngala, kufuli langu nililiweka?" Alikuwa hakumbuki. Mtu aliyepigwa vile hupoteza siku nzima. Alikuwa ananiuliza mimi. Nami nikamwambia, "Hukuliweka, Mumo. Swichi ilikuwa tupu." Akatazama dari. Halafu akasema, "Basi nisamehe, ndugu yangu. Nimekuharibia jina la kampuni."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi.

Alipotoka akavua ovaroli mwenyewe, akaikunja, akampa mama yenu, akasema fundi asiyeweka kufuli hafai kuingia kwenye mtambo wa mtu. Akaenda Mama Ngina na mkewe Ketty wakaanza karai. Na hakuwa na kinyongo. Kila mwenye hoteli aliyekula mhogo wake, akisikia ana shida ya stima, anamwelekeza kwetu, nendeni kwa ndugu yangu Ngala. Zile hoteli tatu za kwanza za jenereta, Elvis, unazojisifia, zilitoka kwenye karai lake. Na ule ushuhuda kwa mafundi ni yeye aliyeuomba. Alisema mkono wangu kama umeshaharibika, acha ufanye kazi. Mimi nikawa nawapeleka. Kila mwaka nawapeleka, nasimama pale namsikiliza mtu msafi anavyojishtaki mbele ya vijana kwa kosa langu, nakula mhogo wake.

Mama yenu nilimwambia mwaka aliokufa. Hakunipigia kelele. Aliniuliza, "Benard ashajua?" Nikasema bado. Akageukia ukutani, hatukulizungumza tena. Hilo ndilo neno lake nililosema nitalirudia. Alikuwa ananidai jibu, na leo nataka nimpelekee.

Nisikilizeni vizuri, naona giza giza kwenye macho. Wakili Lamis alikuja Jumatano, karatasi zimeshatiwa sahihi. Nusu ya Ndugu Wawili ni ya Benard Mumo. Nusu nyingine ni yenu nyinyi wawili, sawa kwa sawa, na imeandikwa haikatwi wala haiuzwi kipande bila yeye. Elvis, unaona nimekunyang'anya. Mwanangu, nakuachia kampuni nzima yenye watu wa mikono mizima, na mtu wa kukaa mbele yako ambaye hajui kudanganya. Mimi nilianza na huyo huyo, na yeye alikuwa bora kuliko nusu yangu. Wewe ni fundi mzuri kunishinda, nakwambia leo kwa sababu sikukwambia. Mapenzi, wewe una subira, mshike ndugu yako asichemke.

Fungua mkebe. Mawili, ndio. Hilo safi linalong'aa ni langu, halijawahi kutundikwa. Mlipigilie ukutani, juu ya ubao wa makufuli ya mafundi, liwe wazi hivyo hivyo. Kuanzia sasa fundi mpya asipelekwe Mama Ngina kuonyeshwa mkono wa mtu. Asimamishwe chini ya hilo, aambiwe ni la mwenye kampuni, aliliacha kwenye sanduku, na mwenzake akaungua. Na lile zoezi mnalolicheka, la kujaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli jipya kabla halijatoka stoo, msiliache. Sasa mnajua lilitoka wapi. Akitaka kwenda Mama Ngina aende kula mhogo tu.

Hilo jeusi niachieni mkononi. Hapana, usilifute. Niachie.

Mnizike Kaloleni ubavuni mwa mama yenu, sanduku la mbao za kawaida, na siku hiyo mafundi wawili wabaki zamu hospitali. Stima haijui kama kuna msiba.

Mungu awape mikono mizima mpaka uzeeni. Awape wenzenu wa kuwaambia mmeshika kitu kichwa chini. Jina lenu likisafishwa, lisisafishwe kwa jina la mtu. Wazaeni watoto wasiotulia kama mimi... na wasema kweli kama Mumo. Nimewaridhia. Mkono wangu uko juu yenu wote wawili, hata kama... hata kama siwezi kuuinua. Mwenye stoo nimemshukuru. Dama nimemshukuru. Nimekula vizuri duniani.

Hizo hatua.

Si Ronald, Ronald hupanda mbio. Huyu anashika ukuta kwa mkono wa kushoto, namjua. Elvis... inuka. Mpe kiti chako. Mpe wewe.

Karibu, Mumo. Karibu ndugu yangu. Unanuka mhogo. Usinisalimu kwanza... usiniulize hali. Nipe mkono. Siyo huo... ule mwingine.

Shika. Ligeuze chini... utazame herufi.

Nililitoa mimi. Nilikudanganya pale kitandani, Mumo.

Wewe uliliweka.

Uliliweka.